Nyumba za kupangisha Nairobi: maswali ambayo wenye nyumba wapya huuliza mara kwa mara

Katika ukurasa huu, kodi ni pesa anayolipa mpangaji na ushuru ni ule unaoenda serikalini. Watu huyachanganya maneno haya mawili hadi kwenye mikataba, kisha wakagombana. Hesabu za mifano ni za kukuonyesha njia. Weka bei za mtaa wako.

Nitajuaje kama nyumba italipa kabla sijainunua?

Usiangalie kodi ya mwezi peke yake. Tuseme fleti ya chumba kimoja cha kulala inauzwa milioni 5 na inapangishwa kwa 28,000. Muuzaji atakwambia ni 336,000 kwa mwaka, karibu asilimia 6.7. Sasa fanya hesabu yako.

Kwanza bei yenyewe: ongeza ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, yaani 200,000. Ongeza wakili: asilimia 2 ya bei ni 100,000, na VAT yake 16,000. Tayari umetoa 5,316,000, na bado hujanunua hata kufuli.

Kisha mapato: hesabu miezi 11, si 12, kwa sababu wapangaji huhama. Hiyo ni 308,000. Toa ada ya huduma ya jengo (3,500 kila mwezi, na hii hulipwa hata nyumba ikiwa tupu) 42,000. Toa ushuru wa kodi 23,100. Toa ajenti wa asilimia 8, yaani 24,640. Toa 18,000 za rangi na mafundi. Unabaki na 200,260. Hiyo ni asilimia 3.8 ya pesa uliyotoa.

Kuna wanaoishia hapo na kununua hati za hazina za serikali. Katikati ya 2024 zile za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kabla ya ushuru, ingawa baadaye viwango vilishuka sana. Wengine wananunua wakitumaini bei ya nyumba itapanda. Ni sawa, ila ujue hapo unacheza na bei, kodi haikulishi.

Nikiona hesabu ni ndogo, si niongeze kodi tu?

Ukipandisha kutoka 28,000 hadi 29,000, mpangaji akahama na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja, umepoteza 28,000. Hiyo elfu moja ya ziada itachukua miezi 28 kurudisha hasara. Nairobi, mwenye nyumba haumizwi sana na kodi ya chini. Anaumizwa na mwezi mtupu. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Kabla ya kupandisha, tembea mtaa wako ukahesabu vibao vya "nyumba inapangishwa". Vikiwa vingi kwenye majengo yanayofanana na lako, kaa kimya mwaka huu.

Ninunue kwa mkopo, kodi ilipe benki?

Kwa nyumba ile ile, ukikopa milioni 4 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20, utalipa takriban 49,700 kila mwezi. Kodi ni 28,000. Pengo la zaidi ya 21,000 litatoka mshahara wako, pamoja na ada ya huduma, pamoja na ile miezi mitupu. Mkopo wa namna hii una maana kwa nyumba utakayoishi mwenyewe. Kwa ya kupangisha, wengi hutumia mkopo mfupi wa Sacco kumalizia kiasi kidogo kilichobaki, na hata huko wakumbuke kwamba wadhamini wao ni wenzao wa kazini.

Mtaa gani ni mzuri kwa anayeanza?

Inategemea mpangaji unayemtaka. Bedsita (nyumba za chumba kimoja) za Roysambu, Zimmerman na Kahawa West zinafuata wanafunzi na vijana wanaoanza kazi: zinajaa haraka, wanahama haraka. Pipeline na Tassia kuna wapangaji tele, lakini majengo yamebanana hadi nyumba za chini hazioni jua, na mpangaji anayepata nyumba yenye dirisha linalofunguka anahama. South B, Donholm na Umoja kuna familia, na familia yenye mtoto shuleni haihami katikati ya muhula. Kilimani na Kileleshwa kodi ni ya juu, lakini fleti mpya ni nyingi na mpangaji ana za kuchagua.

Chochote utakachochagua, kaitembelee nyumba mara tatu: asubuhi ya saa moja uone foleni ya matatu, saa mbili usiku uone taa za barabarani na kelele, na siku mvua imenyesha. Panda ghorofa ya juu kabisa ufungue mfereji. Weka kiganja ukutani nyuma ya kabati la jikoni. Rangi mpya huficha unyevu kwa macho, lakini mkononi utahisi ubaridi na poda.

Nithibitishe vipi kwamba hati ya ardhi ni halali?

Kwa Nairobi, upekuzi rasmi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Matokeo yatakuonyesha jina la mmiliki, ukubwa, na kama kuna benki inayoshikilia hati au zuio lililowekwa. Usikubali upekuzi uliofanywa na muuzaji. Fanya wako mwenyewe, na urudie siku chache kabla ya kulipa salio, maana zuio linaweza kuwekwa wakati wowote katikati.

Nambari za zamani za L.R. zimekuwa zikigeuzwa kuwa za bloku chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kama hati ina nambari ya zamani, wakili athibitishe nambari mpya ni ipi na kwamba ukubwa haujabadilika.

Ukubwa wenyewe ni mtego. Ploti inayoitwa "50 kwa 100" ina futi mraba 5,000, ambazo ni karibu hekta 0.046. Hati ikisoma 0.030, hiyo ni 40 kwa 80, hata kama kibao kimeandikwa vingine kwa rangi nyekundu. Hati huandikwa kwa hekta, kwa hivyo chukua kikokotoo. Baada ya hapo mpeleke mpimaji mwenye leseni aonyeshe mawe ya mipaka ardhini. Hati inaweza kuwa sahihi kabisa, ila ploti uliyoonyeshwa ikawa ya jirani.

Mengine ya kuangalia: je, iko kando ya mto, chini ya nyaya kubwa za stima, au kwenye hifadhi ya barabara? Ukiona X nyekundu ukutani, usiamini maelezo yoyote. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waondoke kando ya mito na nyumba nyingi zikabomolewa. Kama ardhi ni ya kukodishwa na serikali, hesabu miaka iliyobaki: mkataba wa miaka 99 ulioanza 1965 unaisha 2064, na benki nyingi zinalijali hilo kuliko wewe.

Na usisahau idhini ya mke au mume wa muuzaji. Ploti nyingi zimerudi mahakamani kwa karatasi hiyo moja.

Pesa hulipwa kwa utaratibu gani?

Kawaida ni asilimia 10 wakati wa kutia sahihi mkataba wa mauzo, na salio ndani ya siku 90, wakati muuzaji anapotoa hati halisi, fomu za uhamisho zilizotiwa sahihi, cheti cha kutodaiwa ushuru wa ardhi wa kaunti, cheti cha kutodaiwa ada ya ardhi ya serikali kuu pale inapohusika, na idhini zote. Asilimia 10 ishikwe na wakili wa muuzaji kwa masharti yaliyoandikwa, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Chukua wakili wako mwenyewe. Wakili mmoja kwa pande zote mbili ni nafuu hadi siku mtakayokosana.

Ushuru wa stempu hukokotolewa kwa thamani atakayoikubali mthamini wa serikali, si lazima ile mliyokubaliana. Weka akiba kidogo. Ushuru wa faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni wa muuzaji. Akikuomba umsaidie, hilo ni ombi la kupandisha bei.

Fleti inauzwa kabla ya kujengwa kwa bei nafuu. Ni hatari?

Ni hatari inayoweza kupimwa. Uliza hati mama (hati ya ardhi yote ya mradi) iko kwa jina la nani na kama iko benki. Ikiwa iko benki, unahitaji barua ya benki hiyo inayosema itaachilia fleti yako ukishamaliza kulipa. Bila hiyo, mjenzi akishindwa na mkopo wake, wewe ni mdai tu kama fundi wa vigae. Malipo yafungwe kwenye hatua za ujenzi (msingi, slabu ya ghorofa yako, paa, umaliziaji), yasifungwe kwenye tarehe. Tarehe hufika hata kama mafundi hawajafika.

Angalia vibali vya kaunti, NEMA (mamlaka ya mazingira) na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Idadi ya ghorofa kwenye kibali ilingane na zinazojengwa. Na mkataba useme utapata hati ya sehemu chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, ambayo inakupa hati yako ya fleti yako.

Kwa nini kila mtu anasisitiza maji?

Kwa sababu mpangaji atavumilia rangi mbaya, atavumilia hata keateka (mtunza jengo) mkali, lakini hatabeba mitungi hadi ghorofa ya nne kwa miezi miwili. Maji ya kampuni ya maji ya jiji huja kwa mgao. Kuna mitaa inayoyapata siku mbili tatu tu kwa wiki.

Kokotoa hivi. Nyumba 20, watu wawili kila moja, lita 70 kwa mtu: lita 2,800 kwa siku. Mkikaa siku nne bila maji, mnahitaji lita 11,200. Kwa hivyo matangi mawili ya lita 6,000 yanatosha kwa shida. Usiyapandishe yote juu: lita 1,000 za maji ni tani moja, na tani 12 kwenye slabu ambayo mhandisi hakuipangia ni kutafuta ufa. Weka makubwa chini, dogo juu, na pampu yenye swichi ya boya inayojizima tangi likijaa. Bila swichi hiyo, keateka atasahau, maji yatamwagika usiku kucha, na bili itakuja kwako.

Kisima kinasaidia, lakini kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji mengi ya visima vya Nairobi yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Yapimwe kwenye maabara, na wapangaji waambiwe ni ya kuoshea. Pia weka mita ndogo ya maji kwa kila nyumba. Bili ya pamoja inayogawanywa sawa ni chanzo cha fitina: anayeishi peke yake analipia jirani anayefua nguo za watu.

Na stima?

Kila nyumba iwe na mita yake ya tokeni kutoka Kenya Power. Ukitumia mita moja kubwa na kuwauzia wapangaji, unakuwa mkusanyaji wa madeni ya stima juu ya madeni ya kodi. Mita ya ngazi, pampu na taa za nje iwe yako.

Kitu kinachoharibika kuliko vyote ni shawa ya stima. Inavuta takriban kilowati 5 hadi 6, yaani ampia 21 hadi 25. Fundi wa bei rahisi ataiunga kwenye waya wa milimita mraba 2.5 uliokusudiwa soketi. Waya hupata moto ndani ya ukuta, plastiki inalainika, na mpangaji anakupigia akisema anasikia harufu. Tumia waya wa milimita mraba 6 kutoka kwenye boksi la umeme moja kwa moja, breka yake peke yake, swichi ya ampia 45 nje ya bafu, na waya wa ardhi uliopimwa. Maji ya kisima yenye chumvi hula elementi ya kawaida. Nunua ile iliyotengenezewa maji ya chumvi.

Mkataba uwe na nini, na diposti iwe kiasi gani?

Desturi ni diposti ya mwezi mmoja, mara nyingine pamoja na diposti ndogo ya maji. Ukidai miezi mitatu mtaa wa bedsita, nyumba itakaa tupu. Mkataba utaje tarehe ya kulipa, nambari ya kulipia ya M-Pesa au akaunti, nani anatengeneza nini, notisi ya kuhama, na jinsi diposti itakavyorudishwa. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani hadi ulipiwe, kwa hivyo ulipie mapema. Nakala za vitambulisho vya wapangaji zifungie; usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la jengo, hata mpangaji akiwa na deni.

Siku ya kuingia, pitieni nyumba pamoja na simu mkononi: piga picha za kila ukuta, sinki, kufuli, kioo, na mita ya maji ikionyesha nambari. Mtumie papo hapo. Picha hizo zinamaliza robo tatu ya ugomvi wa siku ya kutoka.

Mpangaji halipi. Naweza kufunga mlango au kung'oa mabati?

Hapana. Wanaofanya hivyo wapo na unawajua, lakini mpangaji akienda mahakamani, mdaiwa utakuwa wewe. Njia ni hizi.

Ongea naye kati ya tarehe 6 na 10, si mwisho wa mwezi wa pili. Aliyepoteza kazi atakwambia ukweli akiulizwa mapema, na mara nyingi nafuu yako ni kumruhusu ahame wiki hii, diposti ilipe mwezi uliopita, muagane. Huo ni mwezi mmoja uliopotea badala ya minne.

Ikishindikana, mpe notisi kwa maandishi. Upangaji wa mwezi hadi mwezi unahitaji notisi isiyopungua mwezi, ila kama mkataba unasema zaidi. Kwa deni lenyewe unaweza kutumia dalali wa mnada mwenye leseni chini ya Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi. Hawezi kuchukua nguo wala matandiko ya familia, na wewe huwezi kufanya kazi hiyo mwenyewe na vijana wa mtaa. Kumtoa mtu asiyetaka kutoka ni amri ya mahakama. Nyumba zenye kodi ya kawaida isiyozidi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi na mahakama yake maalum, ambako hata kupandisha kodi kuna utaratibu wake.

Nina maduka mawili chini ya jengo. Sheria ni zile zile?

Si zile zile, na hapa ndipo wengi huteleza. Duka, hoteli au mkahawa bila mkataba wa maandishi, au wenye mkataba wa miaka mitano kushuka, au mkataba wenye kipengele cha kuuvunja kabla ya muda (usiohusu kukiukwa kwa masharti), ni upangaji unaolindwa chini ya Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Kupandisha kodi au kumtoa kunahitaji fomu rasmi na notisi ya miezi miwili kwenda juu, na mpangaji akipinga kesi inaenda kwenye Mahakama ya Kodi za Majengo ya Biashara. Ndiyo maana mawakili huandika mikataba ya maduka ya miaka mitano na miezi mitatu, bila kipengele hicho. Mwenye kinyozi uliyemwingiza kwa mdomo, bila karatasi, ana ulinzi mkubwa kuliko mpangaji wa ghorofa ya juu.

Ushuru wa kodi hulipwaje?

Kodi ya nyumba za kuishi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, tangu Januari 2024. Huruhusiwi kutoa gharama. Hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi usipopokea kitu, wasilisha ripoti ya sufuri; kunyamaza kunahesabiwa kuwa kuchelewa. Ukichelewa kulipa ni adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kodi ya chini ya 288,000 huingizwa kwenye ripoti yako ya mwaka pamoja na mapato mengine, na huko gharama unaweza kuzitoa. Kodi ya maduka haimo katika asilimia 7.5.

Nitumie ajenti?

Ukiwa nje ya nchi au una nyumba zaidi ya kumi, ndiyo. Ada ni kama asilimia 5 hadi 10 ya kodi iliyokusanywa. Sisitiza neno "iliyokusanywa". Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Maajenti wa Nyumba, na kodi iende kwenye akaunti unayoweza kuiona. Kwa nyumba moja au mbili, keateka mzuri anayelipwa kwa wakati anatosha.

Mpangaji akihama, nifanye nini ili nyumba isikae?

Anza siku aliyotoa notisi. Muombe akubali wageni Jumamosi mbili, na weka tangazo na picha za zamani. Siku ya kutoka, linganisha na picha za kuingia, soma mita ya maji, na umrudishie diposti ndani ya muda ulioandikwa; aliyerudishiwa vizuri humleta rafiki yake. Siku hiyo hiyo badilisha silinda ya kufuli. Siku ya pili fundi wa mifereji: vali ya tangi la choo, washa za mifereji, bomba la chini ya sinki. Ya tatu na ya nne rangi, nyeupe ya kawaida unayoipata kila duka la mtaa, ili mwakani uzibe doa moja bila kupaka ukuta mzima. Ya tano usafi. Wengi huhamia mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyumba iliyo tayari tarehe 28 inapata mtu. Iliyo tayari tarehe 8 inasubiri hadi mwezi ujao.